Hadithi ya Mtandaoni, Kitabu cha Mkononi

Saa nane na robo mchana, siku ya Ijumaa. Watoto 46 wa Gredi ya 4 wamebanana katika chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, kwenye shule moja ya Ruiru, na macho yote yako ukutani ambako projekta ya kuazima inaonyesha ukurasa wa tatu wa hadithi. Mara stima zinapotea. Chumba kizima kinaguna. Mkutubi anainamia kipakatalishi: betri inakaribia kuisha, na intaneti imeondoka pamoja na stima. Kabla hajasema neno, msichana wa safu ya mbele anauliza, "Sasa Sakima alifanya nini, Mwalimu?"

Mkutubi huyo ni mimi, na sikuwa na jibu. Hadithi yenyewe sikuwa nimeisoma hadi mwisho. Nilikuwa nimeiachia tovuti kazi ya kufundisha, na tovuti ilipozimika, somo likazimika nayo.

Tangu siku hiyo kipindi cha maktaba kimejengwa upya juu ya wazo moja: intaneti ni ghala. Mtu huenda ghalani akapima mahindi yake, akafunga mlango, akarudi kupika nyumbani. Hakuna anayewapeleka watoto wote ghalani wakasimame humo wakisubiri chakula.

Ghala linalofaa zaidi kwa shule zetu ni African Storybook, tovuti iliyofunguliwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini. Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuujaribu mradi huo, na ndiyo maana hadithi zake nyingi zimeandikwa na walimu na waandishi wa huku kwetu. Zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia zile zenye neno moja moja chini ya picha hadi zile ndefu ambazo mtu mzima huwasomea watoto. Hadithi moja inaweza kuwepo kwa Kiswahili, Gĩkũyũ, Kikamba na Kiingereza, picha zikiwa zile zile. Ghala la pili ni StoryWeaver, lililoanzishwa mwaka 2015 na shirika la Pratham Books la India, nalo lina rafu ya Kiswahili. Leseni za maghala hayo mawili zinaruhusu shule kupakua, kuchapisha, kutafsiri na hata kubadilisha hadithi, mradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki mahali pake.

Kwa mji kama Ruiru, ruhusa hiyo ni jambo kubwa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji huu, wengi kuliko Eldoret, na karibu mara mbili ya Thika iliyokuwa na 251,407. Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012, majumba ya ghorofa yameota palipokuwa mashamba ya kahawa, na madarasa yamejaa. Rafu za vitabu hazikukua kwa kasi hiyo. Darasa moja linaweza kuwa na mtoto wa Mkikuyu, wa Mkamba, wa Mluhya na wa Mjaluo, wote wakicheza kwa Sheng uwanjani na kuandika insha kwa Kiswahili sanifu mezani. Kwao, kitabu chenye lugha nne kwa picha zile zile ni mlango.

Maandalizi hufanywa siku mbili kabla ya somo. Mkutubi anachagua hadithi moja. Moja tu, ingawa kishawishi cha kuchukua kumi ni kikubwa. Anaisoma kwa sauti akiwa peke yake, mara mbili, akitia alama mahali pa kutua na mahali pa kuuliza. Kisha anaipakua yote kwenye kipakatalishi na kwenye simu, ili siku ya somo asihitaji bando wala mnara wa simu. Programu ya kusomea ya African Storybook huhifadhi hadithi na kuifungua bila intaneti, na hilo limeniokoa mara nyingi. Shule zilizopata vishikwambi vya serikali katika mpango wa kidijitali wa mwaka 2016, ambavyo sehemu yake vilitoka kwa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta hapa Juja, katikati ya Ruiru na Thika, zijaribu kuvitoa kabatini kabla ya kununua kifaa kipya. Vitano vikiwaka, hivyo ni vikundi vitano.

Turudi kwa Sakima. "Wimbo wa Sakima" ni hadithi ya Ursula Nafula, yenye picha za Peris Wachuka, kuhusu mvulana asiyeona ambaye anapenda kuimba. Tajiri wa kijijini amepotelewa na mwanawe, na Sakima anataka kumwimbia amfariji. Watu wazima wanamkatisha tamaa, naye haachi. Nilipoirudia wiki iliyofuata, projekta ilikaa chini ya meza mwanzoni. Watoto waliisikiliza hadithi nzima bila picha, kisha kila mmoja akapewa nusu karatasi amchore Sakima alivyomwona kichwani. Picha za tovuti zilifunguliwa baadaye. Chumba kikalipuka: "Mwalimu, wangu ana kofia!" "Wangu yuko karibu na mto!" Mtoto ambaye kwa kawaida hukaa kimya alisimama kueleza kwa nini tajiri wake alikuwa mwembamba: huzuni ilimkataza kula.

Hapo kuna jambo ambalo mkutubi asilipite haraka. Mwishoni mwa hadithi, tajiri anampeleka Sakima hospitalini ili aweze kuona tena. Darasa likagawanyika. Wengi walishangilia. Wachache, wakiongozwa na msichana ambaye binamu yake anasoma Shule ya Vipofu ya Thika, walisema Sakima alikuwa ameshashinda kabla ya hospitali. Shule hiyo iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946 iko karibu kiasi kwamba watoto wengi wa Thika na Ruiru wamewahi kukutana na wanafunzi wake njiani wakiwa na fimbo nyeupe. "Binamu yangu anasoma kwa vidole," msichana alisema, "na ananishinda hesabu." Mjadala ule uliendelea hadi kengele ikalia, na sioni somo la ufahamu lililo bora kuliko hilo. Kuna walimu huwafunga watoto vitambaa machoni katika somo kama hili ili waonje kutoona. Mimi siafiki. Nilivyoona, mchezo huo huzaa kicheko au huruma, na hakuna hata kimoja kinachomfaa Sakima. Kusikiliza kwa makini kunafaa zaidi.

Wakutubi wenye wanafunzi wasioona au wasiosikia wana msaada wa karibu pia. Kampuni ya Kikenya ya eKitabu hutengeneza vitabu vya kidijitali vinavyoweza kusomwa na programu za sauti, na kupitia Studio KSL imetoa video za hadithi za watoto katika Lugha ya Ishara ya Kenya. Hata darasa la watoto wanaosikia huzitazama video hizo likiwa limetulia tuli, na baada ya dakika chache mikono inaanza kuiga.

Baada ya kusoma, kitabu lazima kimfikie mtoto mkononi. Tovuti hutoa hadithi katika mpangilio wa kijitabu: karatasi 4 za A4 zikichapishwa pande zote mbili na kukunjwa katikati hutoa kurasa 16, zinazotosha hadithi na jalada lake. Mwenye saiba aambiwe mapema kwamba karatasi zigeuzwe kwa upande mfupi, la sivyo nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi. Kwa hiyo watoto hutoboa matundu matatu kwa msumari mwembamba, wakashona kwa sindano na uzi wa gunia: uzi huingia tundu la kati, hutoka la juu, hushuka hadi la chini, hurudi la kati, fundo. Vijitabu kumi vya namna hiyo, vikizunguka darasani kwa zamu za siku mbili, vimesomwa zaidi kuliko kabati zima la vitabu tulivyopewa msaada, vilivyojaa theluji na treni za chini ya ardhi. Katika baadhi ya vijitabu hivyo sasa kuna alama za chai na mafuta ya taa, ishara kwamba vilifika nyumbani.

Hadithi ya Khalai, msichana anayezungumza na mimea, nayo pia ya Nafula, hutumika vizuri muhula wa mvua. Kila kikundi huchagua mti mmoja wa shule na kuuandikia barua.

Kwa Gredi ya 5 na ya 6 kuna kazi nzito zaidi, na inatoka kaunti hii hii. Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Kamĩrĩthũ, Limuru, aliandika kwa Gĩkũyũ ngano iitwayo "Ituĩka Rĩa Mũrũngarũ", inayosimulia jinsi binadamu alivyokuja kutembea wima. Kundi la waandishi la Jalada Africa liliichapisha mtandaoni mwaka 2016 pamoja na tafsiri za lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwemo, na baadaye zikapita 100. Ni nadra kwa ngano ya Kiafrika kusafiri hivyo ikitoka moja kwa moja katika lugha yake. Ndani yake mikono na miguu inagombea ukubwa, na viungo vingine vinaketi kuwa waamuzi.

Somo huanza kabla ya kusoma. Viatu vinavuliwa. Kila mtoto anajaribu kuokota kipande cha kijiti sakafuni kwa vidole vya mguu na kukirusha, kisha wawili wawili wanakwenda nje kwenye nyasi kujaribu kutembea kwa mikono. Vumbi, vicheko, mashati yametoka nje ya kaptula. Wakirudi kuketi, wanakutana na mashindano hayo hayo katika hadithi, na miili yao tayari inajua ugumu wake. Ngano ni ndefu, hivyo igawanywe vipindi viwili. Mwenye Gĩkũyũ asome aya moja ya asili kwa sauti, wengine wafuate Kiswahili chake kwa kidole, watafute neno linalofanana. Kila darasa lililofanya hivyo lilipata zaidi ya walivyotarajia, na watoto wanaoona haya kusema lugha ya mama shuleni wakawa ghafla ndio wataalamu wa chumba.

Mambo mawili ya sheria hayana budi kusemwa wazi. La kwanza ni nakala za riwaya zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu. "Ndoto ya Amerika" ya Ken Walibora haiko katika maghala ya bure, na nakala yake ya kupiga picha ni wizi, iwe imetumwa kwa nia njema kiasi gani. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mwandishi, na maktaba inayotaka kuwe na waandishi wa watoto wa Kiswahili inunue vitabu vyao. La pili ni picha za watoto. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai ridhaa ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, kwa hiyo video ya mtoto akisoma isipandishwe popote bila ruhusa hiyo kwa maandishi. Sauti peke yake, bila jina, mara nyingi hutosha.

Na sauti ndiyo iliyoleta kazi tunayoifanya sasa. Watoto waliombwa warekodi hadithi kutoka kwa mtu mzima wa nyumbani, kwa simu ya mzazi, kwa lugha yoyote. Mvulana mmoja alileta sauti ya dakika nne ya shosho wake wa Gatundu, kwa Gĩkũyũ, juu ya irimũ aliyetaka kuoa msichana wa kijijini. Kuku wanasikika nyuma yake. Darasa likaanza kutafsiri, likakwama kwenye neno la kwanza: irimũ ni nani? Mmoja akasema jini. Mwingine akakataa, jini ni wa pwani. Msichana wa Machakos akasema kwao huyo anaitwa eimu. Mtoto wa Bungoma akasema linani. Maneno yote yakaandikwa ubaoni, na aliyeyatazama kwa muda mrefu akanyoosha mkono: "Mwalimu, irimũ na eimu na zimwi ni kama ndugu." Ni ndugu kweli, wa ukoo mmoja na mzimu, na hakuna kitabu changu cha mwongozo kilichokuwa na somo hilo.

Hadithi ya shosho imefika kurasa 11. Itakapokamilika, na shosho mwenyewe akiridhia, itaingizwa African Storybook, ambako mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuandika yake. Ugumu uliobaki ni picha ya ukurasa wa 7, pale msichana anapogundua kwamba bwana harusi ana mdomo wa pili kisogoni, umefichwa na nywele. Mchoraji wetu amemchora mgongo, kisha akagundisha kwa uji wa unga kipande cha karatasi nyeusi kinachofunuka, na chini yake kuna meno. Kwenye tovuti nywele hazifunuki, kwa hiyo toleo la mtandaoni limeongezewa ukurasa. Nakala ya mkononi iko rafuni karibu na mlango, na kipande cheusi kimeshagundishwa upya mara tatu.