Nguvu za Farasi: Namba Ipi ya Kuamini Unapoongeza Nguvu za Gari

Fundi amekufungia turbo kubwa zaidi, amebadilisha ekzosi na kuipanga upya kompyuta ya injini, kisha anakuambia, "Sasa una nguvu za farasi 500." Kabla hujalipa salio, muulize: zimepimwa wapi? Kwenye injini au kwenye magurudumu? Kwa mashine gani? Na namba hiyo imetoka kwenye mashine, au imeongezwa kwa kikokotoo baadaye? Majibu hayo yanaweza kupandisha au kushusha namba kwa makumi ya farasi bila boliti hata moja kuguswa.

Tuanze na kipimo chenyewe. James Watt, mhandisi wa Uskoti wa karne ya 18, alihitaji kuwaeleza wanunuzi wa injini zake za mvuke kwamba zingefanya kazi ya farasi wangapi. Kipimo chake kimebaki, na leo farasi mmoja wa Kiingereza ni sawa na wati 746 hivi. Wajerumani na Wajapani hutumia farasi mdogo kidogo, wa wati 735.5, anayeandikwa PS. Ndiyo maana Subaru Impreza WRX STI iliyoandikwa PS 280 kwenye kijitabu cha Kijapani huandikwa 276 na Mmarekani, na kilowati 206 kwenye karatasi nyingine. Ni gari lilelile. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha namba mbili, hakikisha zote ziko katika kipimo kimoja.

Utasikia pia neno torki. Hiyo ni nguvu ya kuzungusha, ile inayokusukuma mgongo kwenye kiti unapokanyaga mafuta. Nguvu za farasi hupatikana kwa kuunganisha torki na kasi ya injini. Ukizidisha torki katika nyutoni-mita kwa mizunguko ya injini kwa dakika, kisha ukagawanya kwa 9,549, unapata kilowati. Ukigawanya kilowati hizo kwa 0.7355 unapata PS. Injini yenye torki ya 400 kwenye mizunguko 5,000 inatoa kilowati 209 hivi, yaani PS 285. Mashine nyingi za kupimia hufanya hesabu hiyohiyo.

Kwa nini basi namba ya injini haifanani na ya magurudumu? Kwa sababu nguvu husafiri. Inatoka kwenye injini, inapita klachi, giaboksi, propela shafti, difu na shafti za magurudumu, ndipo ifike kwenye tairi. Kila kituo kinachukua chake. Meno ya gia yanasuguana, oili inavurugwa, beringi zinaleta ukinzani, na tairi zinabonyea zinapozunguka. Kinachochukuliwa hakipotei hewani tu, bali kinageuka joto. Ndiyo sababu giaboksi na difu huwa za moto baada ya safari ndefu.

Gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele hupoteza nguvu kidogo kuliko mengine, maana giaboksi na difu zimo ndani ya ganda moja na kwa kawaida nguvu haipigi kona. Linalosukuma kwa nyuma lina difu ambayo lazima igeuze nguvu kwa nyuzi 90, na meno ya difu hiyo huteleza juu ya mengine kwa shinikizo kubwa. Gari la magurudumu yote manne, kama Subaru, lina difu ya mbele, ya nyuma na mgawanyo wa katikati. Automatiki nazo nyingi zina kifaa chenye oili mahali pa klachi, na oili hiyo huteleza mpaka kifaa kijifunge.

Hapa ndipo ilipozaliwa desturi ya asilimia. Mafundi wengi duniani huchukua namba ya magurudumu na kuongeza: asilimia 15 kwa gari la magurudumu mawili lenye gia za mkono, asilimia 20 hadi 25 kwa la magurudumu manne. Kama makisio ya haraka kwa gari lisiloguswa, desturi hiyo haina ubaya mkubwa. Tatizo huanza unapoitumia kwa gari lililoongezwa nguvu, na nakuomba tuende polepole hapa.

Tuseme STI yako ya PS 280 ilipimwa ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, magurudumu yakatoa 220. Tofauti ni 60, yaani asilimia 21 na ushee. Sasa umeongeza turbo na mabomba, na magurudumu yanatoa 400. Fundi anatumia asilimia ileile, anagawanya na kukuambia injini yako ina PS 509. Maana yake ni kwamba giaboksi ileile, difu zilezile na tairi zilezile, ambazo jana zilikula 60, leo zinakula 109. Hizo 49 za ziada ni kilowati 36 za joto, sawa na birika 18 za umeme zinazochemka kwa pamoja chini ya gari lako. Hilo ni jambo la kutiliwa shaka.

Ukweli ni kwamba upotevu una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza haijali injini ina nguvu kiasi gani. Kuvuruga oili na kuzungusha beringi kwa kasi fulani kunagharimu karibu kiasi kilekile, uwe na farasi 200 au 500. Sehemu ya pili huongezeka na nguvu, kwa sababu meno ya gia yanabanwa zaidi na tairi zinateleza zaidi juu ya rola za mashine ya kupimia. Kwa hiyo, katika mfano wetu, injini iko mahali fulani kati ya 460 na 509. Kati ya namba hizo mbili kuna farasi 49 ambao hakuna mashine iliyowaona. Wengi hulipia farasi hao.

Tena hata hiyo 280 ya mwanzo usiiamini kupita kiasi. Kuanzia 1989 watengenezaji wa magari wa Japani walikubaliana wasitangaze gari lenye zaidi ya PS 280, na makubaliano hayo yalidumu hadi 2004, Honda Legend ilipotangazwa kuwa na 300. Katika miaka hiyo Nissan Skyline GT-R, Mitsubishi Lancer Evolution na Impreza STI ziliandikwa 280, ingawa baadhi ya injini zilitoa zaidi. Kwa upande mwingine, magari hayo yalipangwa kwa petroli bora ya Japani, ambayo oktani yake hufikia 98 hadi 100. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati. Ukitia petroli ya chini ya hapo, kompyuta huilinda injini kwa kuchelewesha cheche, na nguvu hushuka. Ongeza umri wa injini yenyewe. Ukitoa namba ya magurudumu ya leo kwenye namba ya kijitabu cha miaka 20 iliyopita, tofauti unayopata huwezi kuiita upotevu wa giaboksi.

Sasa, unapima wapi? Mashine inaitwa daino. Ile ya injini peke yake huhitaji injini ishushwe na kufungwa kwenye meza, hivyo hutumiwa zaidi na viwanda na timu za mashindano. Utakayoikuta kwenye karakana ni ya rola: gari linapandishwa, linafungwa kwa mikanda na magurudumu yanazungusha rola. Nyingine, kama Dynapack ya Nyuzilandi, huondoa magurudumu na kujifunga moja kwa moja kwenye habu, hivyo kasoro za tairi hazimo kabisa.

Hata za rola hazifanani. Dynojet ya Marekani ilijulikana kwa rola nzito: mashine huangalia rola hiyo inaongeza kasi upesi kiasi gani, kisha hukokotoa nguvu. Mustang ya Marekani na Dyno Dynamics ya Australia hutumia breki ya umeme inayoipa injini mzigo. Gari moja likipimwa siku moja kwenye Dynojet na kwenye Mustang, kwa kawaida Dynojet itaonyesha namba kubwa zaidi. Hakuna iliyodanganya, zimepima kwa njia tofauti. Kwa hiyo usichukue namba ya "kabla" kwenye karakana moja na ya "baada" kwenye nyingine.

Baadhi ya daino hujaribu kupima upotevu wenyewe. Fundi akishamaliza kukanyaga mafuta, anakanyaga klachi na kuacha rola zipungue kasi zenyewe, na mashine inahesabu ukinzani uliozipunguza. Njia hii ni bora kuliko asilimia ya kukariri, lakini inapima meno ya gia yakiwa hayana mzigo, kwa hiyo haioni kila kitu.

Kwa wasomaji wa Nairobi, Arusha na miji mingine ya juu, kuna jambo la kuzingatia sana. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo gari hilohilo litakuwa na nguvu zaidi Mombasa au Dar es Salaam. Daino zina programu ya kurekebisha namba ili ionekane kana kwamba umepima katika hali ya kawaida. Kiwango cha kimataifa cha ISO 1585 kinataka marekebisho hayo yasizidi asilimia 7 juu au chini. Kwa hewa ya Nairobi, programu inaweza kuongeza asilimia 20 na zaidi. Na kwa injini ya turbo ni hatari zaidi kuamini namba hiyo, kwa sababu turbo tayari imeshafidia sehemu ya hewa iliyopungua kwa kusukuma zaidi. Muombe fundi achape namba mbili: iliyorekebishwa na isiyorekebishwa. Kama amerekebisha, aandike kwa kiwango gani. Kile kinachoitwa STD hutoa namba kubwa kuliko SAE ya J1349 kwa asilimia 4 hivi.

Siku ya kupima, fanya hivi. Pima kabla ya kubadilisha chochote. Ukikosa karatasi ya kipimo hicho, yote yanayofuata ni makisio. Jaza tairi upepo kiasi kilekile siku zote mbili, ya kabla na ya baada, tumia tairi zilezile na petroli ya kituo kilekile. Acha injini na giaboksi zipate joto la kawaida. Mikanda isikazwe kupita kiasi, maana tairi ikibanwa kwenye rola inakula nguvu zaidi. Mwambie fundi atumie gia inayokaribia uwiano wa moja kwa moja, ambayo kwenye giaboksi nyingi za gia tano ni ya nne, na aandike ni gia gani. Pima mara tatu. Zikipishana sana, kuna kitu hakijakaa sawa, mara nyingi ni joto, kwa hiyo feni kubwa lazima iwe mbele ya radieta.

Gari la magurudumu yote manne lisipandishwe kwenye rola za magurudumu mawili. Difu ya katikati inaweza kuungua, na gari linaweza kurukia mbele. Kama karakana haina rola nne, ondoka.

Gharama je? Marekani, kupima mara tatu mara nyingi ni kati ya dola 100 na 200, na Uingereza pauni 50 hadi 100. Huku kwetu mashine ni chache na bei hutofautiana, kwa hiyo uliza kwa simu kwanza, na uulize kama kufunga gari na kuchapa grafu vimo ndani ya bei hiyo. Ikiwa huna daino karibu, kifaa cha kupima kasi kwa setilaiti, cha dola 150 hadi 200, kitakusaidia. Gari la kilo 1,500, dereva akiwa ndani, likitoka kilomita 80 hadi 120 kwa saa ndani ya sekunde 4, limetumia wastani wa kilowati 116 kuongeza kasi peke yake. Ukitia upepo na msuguano wa tairi, magurudumu yametoa kama kilowati 130. Fanya hivyo kwenye uwanja wa mashindano uliofungwa. Barabara ya watu si mahali pake.

Na unapokwenda kununua gari linalosemwa limeongezwa nguvu, omba karatasi mbili za daino moja: ya kabla na ya baada, zote zikionyesha nguvu za magurudumu, gia iliyotumika na kiwango cha marekebisho. Muuzaji akikuonyesha namba ya injini iliyopatikana kwa asilimia, bila karatasi ya kabla, lipa bei ya gari la kawaida.