Maji ya Ziwa na Vitu Vilivyomo

Ndugu msomaji, chukua chupa ya kioo, uteke maji ya ziwa pwani ya Baraka baada ya mvua. Iweke mezani, usiiguse mpaka jioni. Utaona tope limeshuka chini, na maji ya juu yametakata. Sasa nakuuliza: maji hayo ya juu ni safi? Wengi hujibu, "Ndiyo, tunaona ndani yake." Hapo ndipo tunapokosea, na kosa hilo limezikisha watoto.

Tujifunze kwanza. Kila kitu chenye uzito na chenye kuchukua nafasi huitwa maada. Dhahabu ya Misisi ni dhahabu tu, huwezi kuipasua ikawa kitu kingine; hiyo ni elementi. Chumvi ya jikoni ni elementi mbili, sodiamu na klorini, zilizoungana hata hakuna chujio liwezalo kuzitenga. Hiyo ni kampaundi. Lakini vitu vingi tunavyoshika ni mchanganyiko. Humo kila kitu kimeshika tabia yake, na kwa tabia hiyo twaweza kukitoa.

Akina mama wa Fizi walijua neno hili kabla ya vitabu. Wakitengeneza mawese, mafuta huelea juu ya maji kwa kuwa ni mepesi, nao huyaengua. Mchimbaji huzungusha karai mtoni: mchanga huenda na maji, dhahabu nzito hubaki. Kule Uvinza, ng'ambo ya ziwa, watu tangu zamani walichemsha maji ya chemchemi za chumvi. Maji yakapaa kwa mvuke, chumvi ikabaki chunguni.

Turudi kwenye chupa yetu. Tope litashuka lenyewe, au kitambaa kitalizuia. Chumvi zilizoyeyuka hupita katika kitambaa chochote, wala hazitudhuru. Adui ni kijidudu cha kipindupindu, ugonjwa uliofika mashariki ya Kongo katika miaka ya 1970 na kukaa pwani yetu. Urefu wake ni sehemu chache tu za elfu ya milimita. Kitambaa kilichokunjwa mara nyingi hukamata vile vilivyojishika kwenye wadudu wadogo wa majini. Vilivyo peke yake hupita. Basi kuchuja hupunguza, hakumalizi.

Chemsha. Angalia, kuchemsha si kutenga: vijidudu vimo bado, lakini vimekufa. Maji yatokote kwa nguvu dakika 1, na milimani juu sana dakika 3. Ukitumia dawa ya klorini, chuja kwanza, kwa maana tope hula nguvu ya dawa.

Mtoto akiharisha maji matupu, mfanyie mchanganyiko mwingine: maji yaliyochemshwa na kupoa lita 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu ya kijiko kidogo, vyote vya kusawazishwa. Onja, yasizidi chumvi ya machozi. Usiyachemshe tena baada ya kuchanganya. Wakumbuka Uvinza? Maji hupaa, chumvi hubaki, na chumvi nyingi humdhuru mtoto. Mnyweshe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena. Yaliyobaki baada ya siku moja yamwage. Wala usikae nyumbani kungoja apone: mbebe hospitalini, ukimnywesha njiani.