Toba si Neno "Nisamehe" Peke Yake



Je, umewahi kuungama Jumamosi, ukapokea Komunyo Jumapili, na huku nyumbani kosa likabaki pale pale? Mimi nimewahi. Mwaka mmoja nilipokea bonasi ya majani chai, nikamtajia mama watoto kiasi pungufu. Pesa zilizobaki nilizimaliza mjini na marafiki. Karo ilipokosekana, ni yeye aliyekwenda kukopa kwenye chama chake cha akina mama. Dhamiri iliponisuta nilikwenda kuungama. Padre aliniondolea dhambi, lakini kabla ya hapo aliniuliza: "Na lile deni la mkeo, utalilipaje?"

Swali hilo ndilo lililonifundisha toba. Kanisa latufundisha kwamba matendo ya mwenye kutubu ni matatu: majuto moyoni, maungamo kwa kinywa, na malipizi. Wengi wetu hushika mawili ya kwanza tu. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 1459, yaeleza kwamba ondoleo hufuta dhambi, lakini haliponyi madhara yote yaliyoletwa na dhambi hiyo. Aliyeiba hana budi kurudisha. Aliyemchafulia mwenzake jina hana budi kulisafisha. Someni Luka 19. Zakayo hakutosheka na furaha ya kumkaribisha Yesu nyumbani. Aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu.

Basi nilirudi nyumbani, nikamweleza mke wangu ukweli wote na kumwonyesha karatasi ya malipo. Alilia, na kwa siku nyingi hakunisemesha ila neno la lazima. Sikuthubutu kumwambia, "Mungu amekwisha kunisamehe, mbona wewe bado?" Nililipa deni la chama kidogo kidogo, na tangu mwaka ule bonasi twaihesabu pamoja mezani.

Ewe uliyekosa, usimharakishe mwenzako. Kidonda hupona polepole. Nawe uliyekosewa, ukiona kwa matendo kwamba mwenzako amegeuka, usimfungie mlango, wala usilifukue kosa lile kila mnapokosana.

Leo baada ya sala ya jioni, kila mmoja ajiulize:

1. Ni kosa gani nimeliungama kanisani, lakini sijalitengeneza nyumbani?
2. Wiki hii nitaanza na tendo gani?