Somo: Maji ya wote, kazi ya wote

Ndugu viongozi, na ninyi jamaa mliohama makwenu kwa sababu ya vita,

Kwenye chemchemi nyingi za Kivu ugomvi huanza hivi: wenyeji husema maji haya waliachiwa na mababu zao, waliokimbia vita husema kiu haina kabila. Kila upande una haki yake, lakini bidoni ni nyingi na maji ni machache. Tufanye nini ili maji yasituletee vita vingine?

Mtafiti na kazi yake

Elinor Ostrom (1933–2012) alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Alianza na visima vya California. Huko watu walivuta maji mengi hadi maji ya chumvi ya bahari yakaingia chini ya ardhi. Ndipo walipokaa pamoja, wakapatana kila mmoja avute kiasi gani. Wataalamu wengi walikuwa wakisema mali ya wote lazima iharibike, isipokuwa serikali au tajiri mmoja aishike. Ostrom alionyesha kwamba watu wenyewe wanaweza kuitunza wakiwa na sheria walizokubaliana. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata.

Fundisho kutoka Nepal

Ostrom na wenzake walilinganisha mifereji zaidi ya 100 ya kumwagilia mashamba. Mingine ilisimamiwa na serikali. Mingine wakulima waliijenga wenyewe kwa mawe, udongo na matawi. Mara nyingi ile ya wakulima ndiyo iliyofikisha maji vizuri kwa watu wa chini. Kwa nini? Mfereji wa udongo hubomolewa na mvua kila mwaka. Watu wa juu hawawezi kuutengeneza peke yao, wanahitaji mikono ya watu wa chini. Kwa hiyo wanawaachia maji. Pale simenti ilipoletwa bila mapatano, watu wa juu hawakuwahitaji tena wenzao, na mgao ukaharibika.

Hatusemi simenti ni mbaya. Chemchemi iliyojengewa inatoa maji safi. Tunasema simenti haipatanishi watu. Kazi ya pamoja na sheria za haki ndizo zinazopatanisha.

Kilima ndicho tangi letu

Mvua ikinyesha kwenye kilima kitupu, maji hukimbia na udongo. Ikikuta majani na miti, huingia ardhini polepole na kulisha chemchemi hata wakati wa kiangazi. Tarehe 4 Mei 2023, huko Kalehe, mvua kubwa ilifurisha mito ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Majani peke yake hayawezi kuzuia mafuriko kama yale, na nyumba zisijengwe njiani mwa maji. Lakini kilima kilichovuliwa miti huongeza hatari.

Kazi za kufanya

1. Juu ya chemchemi tenga sehemu isiyolimwa wala kuchungiwa wanyama. Choo kiwe upande wa chini, mbali kwa mita 30 au zaidi.
2. Chimba mifereji inayokata mteremko, na kando yake panda matete au setaria. Mizizi inashika udongo; majani ni chakula cha mbuzi.
3. Panda miti ya asili. Mikalitusi isikae karibu na chemchemi, inakunywa maji mengi.
4. Kila msimu fanya salongo ya kufukua mifereji, wenyeji na waliohama pamoja.

Mwenye shamba anapoteza sehemu ya ardhi yake. Basi majani yawe yake. Aliyehama hana ardhi, lakini ana mikono. Hapo kila mmoja anamhitaji mwenzake.

Sheria za chemchemi

Ostrom aliona kwamba sheria hudumu pale watumiaji wanaposhiriki kuzitunga, mlinzi anapotoka kati yao, adhabu inapoanza kwa udogo, na mashauri yanapokatwa karibu na bila gharama kubwa. Sisi tunaongeza: kamati iwe na watu wa pande zote mbili, na wanawake wawe wengi, kwani ndio wanaobeba bidoni. Mzee, mgonjwa na mama mwenye mimba wachote bila kufanya salongo. Na maji ya kunywa yasizuiwe kamwe kuwa adhabu.

Maswali ya kujadili barazani

- Kwenye chemchemi yetu, nani alitunga sheria, na nani hakuitwa?
- Kilima kilicho juu yake ni cha nani? Tutapatana naye vipi?
- Mtu akivunja sheria mara ya kwanza, tumfanyie nini?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Chagueni siku ya salongo ya kwanza kabla baraza halijafungwa.