Jua Neno Kabla ya Kushika Kamba
Somo la wanaoanza kujifunza kuendesha chombo cha tanga



Watu wengi wa pwani hujifunza kuendesha ngalawa, dau au mashua kwa kuwatazama wazee wao. Hiyo ni njia nzuri. Lakini baharini hakuna nafasi ya kuuliza maana ya kila neno. Upepo hausubiri. Nahodha akisema, "Legeza demani!" baharia hana budi kujua mara moja ni kamba ipi, na aifanye nini. Akishika kamba nyingine, chombo kinaweza kupinduka, na watu wakafa maji.

Kwa hiyo ni bora tujifunze maneno haya nchi kavu, chombo kikiwa mchangani. Soma polepole. Ukiweza, soma ukiwa karibu na ngalawa, uguse kila kitu kinachotajwa.

Majina mengine hutofautiana kidogo kutoka pwani moja hadi nyingine. Kwa mfano, wengine husema joshi, na wengine husema goshi. Muulize nahodha wa kijijini kwenu, nawe ufuate maneno yanayotumiwa katika chombo chenu.

SEHEMU ZA CHOMBO

Omo ni sehemu ya mbele ya chombo. Ndiyo inayokata maji.

Tezi ni sehemu ya nyuma. Nahodha hukaa tezini.

Usukani ni ubao ulio nyuma, ndani ya maji. Ndio unaogeuza chombo. Mti wa kushikia usukani huitwa kana.

Mlingoti ni mti uliosimama katikati ya chombo.

Tanga ni kitambaa kikubwa kinachoshika upepo.

Foromali ni mti mrefu unaofungiwa tanga. Foromali hupandishwa mlingotini pamoja na tanga lake.

Ngalawa ina vitu viwili zaidi. Mirengu ni miti inayopita juu ya ngalawa na kutokeza kila upande. Matengo ni mbao zilizofungwa kwenye ncha za mirengu. Matengo hugusa maji na kuizuia ngalawa isilale upande.

Ngama ni maji yanayokusanyika chini ndani ya chombo. Kuyatoa ni kufua maji. Zamani watu walifua maji kwa upo wa mti. Siku hizi wengi hutumia kopo au dumu la plastiki lililokatwa. Chombo chochote utakachotumia, kifunge kwa kamba kisipotee.

KAMBA TATU

Chombo kina kamba nyingi, lakini anayeanza azijue tatu kwanza.

Ya kwanza ni henza. Kamba hii hupandisha na kushusha foromali. Kupandisha tanga ni kutweka. Kushusha tanga ni kutua. Kwa hiyo amri ni mbili: "Tweka tanga!" na "Tua tanga!"

Ya pili ni joshi. Hii hufunga pembe ya mbele ya tanga, upande wa omo.

Ya tatu ni demani. Hii hushika pembe ya nyuma ya tanga. Ukiikaza demani, tanga huja karibu na chombo. Ukiilegeza, tanga huenda mbali na upepo hutoka.

Katika kamba hizi tatu, demani ndiyo inayohitaji mkono wa mtu wakati wote wa safari. Demani ni kama hatamu ya punda. Ukiiacha, punda huenda apendako. Ukiivuta mno, utamwudhi. Aliyeshika demani ameshika maisha ya wenzake.

JOSHI NA DEMANI NI PANDE PIA

Ndani ya chombo watu hukaa wakitazama huku na huku. Mkono wa kulia wa mmoja ni mkono wa kushoto wa mwenzake. Ndiyo maana mabaharia hutaja pande kwa kufuata upepo.

Upande wa joshi ni upande unakotoka upepo. Ukikaa huko, upepo hukupiga kwanza.

Upande wa demani ni upande unakokwenda upepo. Tanga huwa upande huo, na chombo huinamia huko.

Kumbuka jambo hili: omo na tezi hazibadiliki kamwe. Lakini chombo kikigeuka na upepo ukaingia kwa upande wa pili, joshi huwa demani, na demani huwa joshi. Kabla ya kujibu amri, usikie upepo shavuni pako. Shavu linalopigwa na upepo liko upande wa joshi.

Neno demani lina maana ya tatu pia. Ni majira ya mwaka, mwisho wa kusi, kuanzia mwezi wa Agosti hivi hadi Novemba. Kwa hiyo "shika demani" ni kamba, "upande wa demani" ni upande, na "wakati wa demani" ni majira. Sikiliza maneno yanayotangulia, utajua ni demani ipi.

CHOMBO HUENDAJE UPEPO UKIWA MBELE?

Upepo ukitoka nyuma, kazi ni nyepesi. Demani hulegezwa, tanga hujaa, na chombo husukumwa mbele.

Upepo ukitoka ubavuni, demani hukazwa kiasi. Chombo huenda vizuri, lakini huinama.

Upepo ukitoka mbele huitwa upepo wa omo. Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja kuuelekea upepo. Tanga litapigapiga tu, na chombo kitasimama. Nahodha hufanya nini? Hubisha. Kubisha ni kwenda mshazari, kwanza upande mmoja, kisha upande wa pili, hadi kufika. Ni kama kupanda mlima mkali. Mwenye mzigo hapandi moja kwa moja. Hufuata njia ya kupindapinda. Njia huwa ndefu, lakini hufika.

Kila anapofika mwisho wa mshazari mmoja, nahodha hugeuza chombo na kuhamisha tanga upande wa pili wa mlingoti. Kuhamisha huko huitwa kukisi. Mara nyingi vyombo vyetu hugeuzwa kwa kuipa upepo tezi, si omo. Demani hulegezwa, foromali hupitishwa mbele ya mlingoti, kisha demani hukazwa upande mpya. Wakati huo inamisha kichwa na uangalie foromali. Angalia pia miguu yako isinaswe na kamba.

SIKILIZA MAZUNGUMZO HAYA

Kijana amekwenda baharini na mjomba wake kwa ngalawa. Wanarudi kutoka kuvua. Upepo unaingia ubavuni.

Kijana: Mjomba, mkono wangu umechoka kushika demani. Nikiifunga kwenye mrengu si nitapumzika?

Mjomba: Usifunge fundo, mpwa wangu. Izungushe mara moja kwenye mti, kisha ushike ncha mkononi. Mti utakusaidia uzito, na wewe utaweza kuiachia mara moja.

Kijana: Lakini upepo ni mzuri, haujabadilika.

Mjomba: Tazama maji ya upande wa joshi. Unaona nini?

Kijana: Naona maji yamekuwa meusi, yana vikunjo vidogo vidogo.

Mjomba: Huo ni upepo mkali unakuja. Kaa joshini! Legeza demani!

Kijana amesogea upande wa joshi na kuilegeza demani. Upepo umepiga, ngalawa imeinama kidogo, kisha imesimama sawa. Tanga linapigapiga, lakini chombo ni salama.

Mjomba: Sasa kaza demani polepole. Basi, inatosha. Je, kama ungekuwa umefunga fundo?

Kijana: Ningekuwa ningali nalifungua, mjomba.

Mjomba: Na sisi tungekuwa majini.

TUMEJIFUNZA NINI?

Kamba iliyofungwa fundo gumu hukazika zaidi inapovutwa na upepo. Tena ikilowa maji huwa ngumu kufunguka. Upepo wa ghafla hauchukui muda mrefu kupindua chombo. Ndiyo sababu sheria ya kwanza ya baharia anayeanza ni hii: demani iwe mkononi, isiwe katika fundo.

Upepo ukizidi, fuata hatua hizi. Kwanza, legeza demani. Pili, watu wote wakae upande wa joshi ili uzito wao ukisawazishe chombo. Tatu, upepo ukiendelea kuwa mkali, tua tanga. Si aibu kutua tanga. Aibu ni kuwaacha watoto mayatima kwa kuona haya.

Amri itolewe na mtu mmoja. Wazee walisema, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Watu wawili wakitoa amri mbili, mwenye kushika kamba hajui amfuate nani.

PEPO NA MAJI

Mwenye tanga lazima ajue majira. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, tangu Desemba hivi hadi Machi. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini, tangu Aprili au Mei hadi Septemba hivi. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja pwani yetu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi.

Zipo pia pepo za kila siku. Umande hutoka nchi kavu alfajiri, na huwasaidia wavuvi kwenda nje. Baadaye, jua likipanda, upepo hutoka baharini na huwasaidia kurudi.

Maji nayo hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na kidogo. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo ni maji ya bamvua, na mkondo wake una nguvu. Katikati ya nyakati hizo maji hujaa kidogo na kupwa kidogo. Hayo ni maji mafu. Anayeanza ajifunze wakati wa maji mafu na upepo mdogo, karibu na ufuko.

KABLA YA KUONDOKA PWANI

1. Kagua kamba zote. Iliyochakaa ibadilishwe.
2. Angalia kama usukani umekaa imara.
3. Chukua kopo la kufulia maji, kafi, nanga na maji ya kunywa.
4. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, hata anayejua kuogelea.
5. Sikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni. Kukiwa na onyo la upepo mkali, usitoke.
6. Mwambie mtu wa nyumbani unakwenda wapi na utarudi saa ngapi.

Chombo kikipinduka, usikiache. Kishikilie. Chombo cha mti huelea hata kikijaa maji, na huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Watu wengi wamekufa kwa kuacha chombo wakidhani pwani iko karibu.

ZOEZI

Jaza nafasi kwa neno linalofaa: omo, henza, joshi, demani, kubisha.

1. Sehemu ya mbele ya chombo huitwa ______.
2. Tanga hutwekwa kwa kamba iitwayo ______.
3. Upande unakotoka upepo ni upande wa ______.
4. Kwenda mshazari kuuelekea upepo ni ______.
5. Upepo wa ghafla ukija, legeza ______.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini mabaharia hawasemi "kulia" na "kushoto" tu?
2. Kwa nini demani isifungwe kwa fundo gumu?
3. Katika kijiji chenu, maneno gani ya chombo ni tofauti na haya? Yaandikeni ubaoni.
4. Nendeni ufukoni pamoja. Mmoja awe nahodha, atoe amri. Wengine waguse kamba inayotajwa. Rudieni hadi hakuna anayekosea.