Gari liko baharini, ushuru umebadilika: nani analipa?

SOMO LA WIKI

MTU anayeagiza gari la kifahari kutoka nje hudhani amekwisha kununua. Amechagua rangi na injini, ametoa kianzio na amepewa bei. Anachongoja ni meli. Kumbe sehemu kubwa ya bei hiyo bado haijapangwa, na wa kuipanga si kiwanda wala wakala aliyemwuzia. Itategemea kiwango cha ushuru kitakachokuwa kinatumika siku gari litakapoingizwa forodhani.

Wiki hii tunalitazama jambo hili kupitia soko la Marekani, ambako mwaka 2025 wanunuzi wa magari ya Ulaya na Japani walilipata somo hilo kwa gharama kubwa. Linamhusu pia mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, hata kama mzigo wake ni Toyota iliyokwisha tumika.

Gari moja, ushuru wa aina tatu

Machi 26, 2025, Rais Donald Trump alitangaza ushuru wa nyongeza wa asilimia 25 kwa magari yanayotoka nje, uanze Aprili 3. Kabla ya hapo gari la abiria kutoka Ujerumani lilitozwa asilimia 2.5 tu. Jumla ikawa asilimia 27.5.

Kati ya tangazo na utekelezaji zilikuwapo siku nane. Hakuna mtu anayeweza kuagiza gari, likaundwa, likapakiwa na kuvuka Atlantiki kwa siku nane. Tena amri hiyo haikuyasamehe magari yaliyokuwa tayari njiani. Ushuru mwingine wa jumla, ulioanza Aprili 5 mwaka huo huo, uliisamehe mizigo iliyokwisha pakiwa melini. Wa magari haukufanya hivyo. Kilichohesabiwa ni siku ya kuingizwa forodhani.

Tuchukue gari ambalo thamani yake forodhani ni dola 100,000. Likiingia Aprili 2, ushuru ni dola 2,500. Likiingia siku moja baadaye ni dola 27,500. Kisha Julai 27, Marekani na Umoja wa Ulaya zikakubaliana kiwango cha jumla cha asilimia 15, ambacho baadaye kilihesabiwa kuanzia Agosti 1. Gari lile lile likawa la kutozwa dola 15,000. Ndani ya miezi mitano, gari moja la kiwanda kimoja lilikuwa na ushuru wa aina tatu.

Msomaji azingatie kwamba thamani ya forodhani si bei ya dukani. Kwa kawaida ni bei ambayo kampuni ya uagizaji imenunulia kutoka kiwandani, nayo huwa chini ya ile ya mteja. Kwa hiyo ushuru wa asilimia 25 haumaanishi kwamba bei ya mteja lazima ipande kwa asilimia 25. Wakala anayekupigia hesabu ya namna hiyo anajiongezea faida yake humo humo.

Wenye viwanda walifanyaje

Kila kampuni ilikuwa na jibu lake. Ferrari ilitangaza mapema kwamba magari yaliyoingia kabla ya Aprili 2 yangebaki na bei ya zamani, na baada ya hapo baadhi ya aina zingepanda kwa hadi asilimia 10. Jaguar Land Rover ilisimamisha usafirishaji kwenda Marekani mwezi Aprili. Audi iliyazuia bandarini magari yaliyofika baada ya Aprili 2. Mteja aliyekuwa akihesabu wiki akajikuta anahesabu miezi.

Porsche nayo ilibanwa sana, kwa kuwa haina kiwanda Marekani. Gari la 911 hutoka Stuttgart, Macan hutoka Leipzig, na Cayenne hutoka Bratislava nchini Slovakia. Mwanzoni kampuni iliubeba mzigo huo yenyewe. Julai ikapandisha bei zake Marekani kwa kati ya asilimia 2.3 na 3.6, kiasi kidogo sana kikilinganishwa na ushuru wenyewe.

Hapa mwekezaji mdogo afungue macho. Kampuni inaposema "tumeubeba ushuru", anayeubeba ni mwenye hisa. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2025, ushuru wa Marekani uliigharimu Porsche kiasi cha euro milioni 400. Yalikuwapo na matatizo mengine, hasa kushuka kwa mauzo China na gharama za mipango ya magari ya umeme. Septemba mwaka huo hisa zake ziliondolewa katika DAX, kundi la kampuni 40 kubwa za soko la Ujerumani. Kabla ya kununua hisa za kampuni yoyote inayouza nje, uliza bidhaa zake zinatengenezwa wapi na zinauzwa wapi. Swali hilo lina uzito sawa na faida ya mwaka uliopita.

Kubahatisha si mpango

Wapo wanaosema dawa ni kungoja tu, kwani vitisho vya ushuru huishia mezani. Mwaka 1995 wangekuwa sahihi. Mei 16 mwaka huo serikali ya Rais Bill Clinton ilitoa orodha ya aina 13 za magari ya kifahari ya Japani, yakiwamo ya Lexus, Infiniti na Acura, ikatishia kuyatoza ushuru wa asilimia 100. Uamuzi ungetolewa Juni 28, lakini ukipita ungehesabiwa tangu Mei 20. Aliyeingiza Lexus katika wiki hizo hakujua kama analipa ushuru wa kawaida au anadaiwa thamani ya gari zima mara ya pili. Juni 28, siku ya mwisho kabisa, nchi hizo mbili zilielewana mjini Geneva na ushuru ukafutwa.

Aliyengoja mwaka 1995 hakupoteza kitu. Aliyengoja kwa imani hiyo hiyo mwaka 2025 alikutwa na asilimia 27.5. Wote wawili walibahatisha. Mfanyabiashara makini haulizi ushuru utapanda au utashuka. Anauliza mkataba wake unasema nini katika hali zote mbili.

Ukishuka, fedha ni za nani?

Watu wengi hufikiria kupanda tu. Kushuka nako kuna mgogoro wake. Kiwango cha asilimia 15 kwa magari ya Ulaya kilitangazwa rasmi mwishoni mwa Septemba 2025, lakini kikarudishwa nyuma hadi Agosti 1. Maana yake ni kwamba waliolipa asilimia 27.5 mwezi Agosti walikuwa na haki ya kudai tofauti. Kwa gari letu la mfano tofauti hiyo ni dola 12,500. Ila forodha humrudishia yule ambaye jina lake limo katika nyaraka za uingizaji, yaani kampuni iliyoagiza. Mteja aliyeongezewa bei dukani hapati hata senti ikiwa mkataba wake haukutaja marejesho.

Hapa kwetu

Saa ya forodha hapa kwetu inahesabu vivyo hivyo. Gari kutoka Japani huwa njiani kwa wiki kadhaa, na bajeti za Afrika Mashariki husomwa Juni ili viwango vipya vianze Julai 1. Anayetuma fedha Mei anaweza kununua kwa hesabu za mwaka mmoja na kulipa ushuru wa mwaka mwingine.

Kenya iliyaona hayo Julai 1, 2023, ushuru wa forodha kwa magari ulipopanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Kwetu ushuru huhesabiwa juu ya bei ya gari pamoja na nauli na bima, kisha kodi nyingine hupandishwa juu yake. Tuchukue gari la shilingi 1,000,000 lililofika Mombasa, lenye ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 16, tukiacha tozo ndogo ndogo. Kwa kiwango cha zamani jumla ilikuwa shilingi 1,812,500. Kwa kipya ni shilingi 1,957,500. Nyongeza ya asilimia 10 ya forodha imegeuka kuwa asilimia 14.5 ya thamani ya gari, kwa sababu kodi imetozwa juu ya kodi.

Maswali kabla ya kutoa kianzio

Kwanza, bei uliyopewa ni ya siku ya oda au ya siku ya kukabidhiwa gari? Pili, ushuru ukipanda, nani anabeba tofauti, na hadi kiasi gani? Tatu, ukishuka au ukirudishwa, nani anapokea? Nne, meli ikichelewa kwa sababu zisizokuhusu, je, unaweza kujitoa na kurudishiwa kianzio chako? Tano, una fedha za kulipa hesabu ile mbaya zaidi?

Majibu ya maswali manne ya kwanza yawe kwa maandishi, yenye sahihi ya muuzaji. La tano ujijibu mwenyewe, na ukiona jibu ni hapana, tafuta gari lililokwisha lipiwa ushuru nchini. Litakuwa ghali kidogo, lakini bei yake inajulikana leo.