Asidi, Besi na Ngozi ya Udh-hiya



Ndugu zangu katika imani, kila Idd ya kuchinja tunagawa nyama vizuri. Je, ngozi? Hapa Mbale nimeziona zikitupwa na kuoza kabla siku za Tashriq hazijaisha. Nasi tunasoma kwamba Mtume (s.a.w.) alipomwakilisha Sayyidna Ali (r.a.) kusimamia ngamia wake wa Hija, alimwamuru atoe sadaka nyama pamoja na ngozi, na mchinjaji asilipwe ujira wake kutokana navyo. Ngozi basi ni sehemu ya ibada, na kuihifadhi kunahitaji kemia kidogo.

Asidi ni kitu ambacho kikiwa majini hutoa ioni za haidrojeni. Ndimu na siki ni chachu kwa sababu hiyo. Besi huzipokea ioni hizo, na huteleza mkononi kama sabuni. Besi inayoyeyuka majini huitwa alkali, neno lililotoka katika Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea. Bibi zetu wanaochuja majivu ya maganda ya maharage ili kulainisha mboga hutumia alkali. Viwili hivi vikikutana kwa kiasi sawa huvunjana nguvu, vikabaki chumvi na maji.

Kipimo chake ni pH, kilichoanzishwa mwaka 1909 na Sørensen, mkemia wa Denmark. Maji safi ni 7. Chini ya hapo ni asidi, juu yake ni besi, na kila hatua moja ni tofauti ya mara 10.

Sasa twende Jinja, kwenye viwanda vya ngozi. Kwa kawaida kazi hiyo hupanda na kushuka katika kipimo hiki:

1. Ngozi hulowekwa katika chokaa, pH kama 12. Besi hulegeza manyoya na kuivimbisha ngozi.
2. Chokaa huondolewa, kisha hutiwa chumvi na asidi ya salfa hadi pH kama 3.
3. Hutiwa madini ya kromi, halafu asidi hupunguzwa kidogo kidogo hadi kama 4, ili kromi ishikamane na nyuzi za ngozi. Hapo haiozi tena.

Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mimea. Katika Hadithi ya ngozi ya kondoo aliyekufa, iliyopokewa na Abu Dawud, Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba maji na qaraz huitwaharisha. Qaraz ni mgunga, wenye tanini, asidi dhaifu inayofunga nyuzi za ngozi. Imam an-Nawawi katika Minhaj ameshurutisha kitu kikali chenye kukaza, wala jua na udongo havitoshi. Kemia inakubali: jua hukausha maji tu. Iloweke ngozi hiyo, na uvundo utarudi.

Hukumu hiyo ya kutwaharisha ni ya ngozi ya mzoga. Ngozi ya mnyama aliyechinjwa kisheria ni twahara tangu mwanzo. Tatizo lake ni kuoza tu.

Tufanye nini Idd ijayo? Tuipake chumvi nyingi upande wa nyama siku ileile. Chumvi haitoshi kuitengeneza, lakini huizuia isioze hadi ifike kwa fundi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kuchinja haiuzi. Ampe maskini, naye akitaka atauza, au aitumie mwenyewe, hata kwa msala.

Tahadhari: chokaa na asidi ya salfa huunguza macho na mikono, hivyo tusizijaribu hosteli. Na maji machafu ya kazi hii yasimwagwe ziwani wala mtoni kabla ya kusawazishwa hadi karibu na 7 na kuondolewa kromi. Maji tunayotawadha ni amana.

Wallahu aalam.